Mfuko wa Kushoto

Mfuko wa kushoto ulikuwa umekaa chini ya wa kulia kwa upana wa kidole kimoja. Fundi aliuona akitoka msalani, mikono bado imelowa, akasimama pale pale katikati ya njia mpaka mtu mwenye begi la magurudumu akampitia kisigino. Hata hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye gauni.

Lilivalishwa sanamu ya mtoto isiyo na kichwa, kwenye banda kubwa lenye zulia jeupe na taa za kumulika. Gauni la msichana wa miaka mitatu: kola ya duara, vifungo vinne, upindo wenye mikunjo mitatu ya kufumuliwa mtoto anapokua. Mbele mifuko miwili, wa kulia juu, wa kushoto chini.

Ingekuwa kola peke yake asingesema neno. Kola za duara zimejaa dunia nzima, na mikunjo ya upindo hali kadhalika. Lakini mfuko ule ulikuwa wake. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuushona hivyo, na yeye akawafundisha wanawake wanne wa chumba chake cha ushonaji. Kule nyumbani mtu akimwona mtoto barabarani anajua tu, huyu kavaa kazi ya fundi. Wapo waliomcheka. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza kama cherehani yake ina mguu mmoja mfupi. Fundi hakuubadilisha. Kama lilikuwa kosa, basi lilikuwa kosa lake.

Sasa nani mwingine katika dunia hii anakosea hivi hivi?

Jibu lilimjia upesi mno, nalo lilikuwa na sura ya wifi yake.

Maonyesho yale ya kimataifa ya mavazi ya watoto yalijaza kumbi tatu. Banda lao lilikuwa mwisho wa ukumbi wa tatu, karibu na mlango wa kuingizia mizigo: meza moja, viti viwili, na bomba la chuma lenye magauni thelathini na sita ya sampuli. Fundi alijua kushona. Wifi yake, dada wa mumewe, alijua kusema. Alikuwa amefanya kazi mapokezi ya hoteli miaka minane, na lugha ya wageni ilimtoka kama maji ya bomba. Kwao walimwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Fundi aliacha shule darasa la tano, na lugha ile kwake ilikuwa kelele tupu. Kila neno lililotoka au kuingia kwenye banda lao lilipitia mdomo wa wifi.

Siku ya kwanza walikuwa wakicheka. Kwenye nguzo ya ukumbi palibandikwa karatasi kubwa yenye maneno ya kigeni, na moja tu fundi alilisoma bila shida: WIFI.

"Wifi, mbona wamekuandika ukutani?"

"Ndiyo ujue mimi ni mtu mzito. Mpaka wageni wananitafuta."

"Na hapo chini wameandikaje?"

"Kwamba ni wa bure. Hapo ndipo waliponivunjia heshima."

Siku ya pili kicheko kilikuwa kimekauka. Fundi alirudi bandani, akaketi, akaanza kukusanya mambo kichwani kama mtu anayeokota pini zilizomwagika sakafuni.

Miezi miwili iliyopita wifi aliomba karatasi za kukatia. Alizitandaza kitandani, akazipiga picha kwa simu moja moja, nyuma na mbele. Alisema wenye maonyesho wanazitaka kwenye fomu. Fundi hakuiona fomu. Jana wifi aliondoka bandani mara tatu, na kila mara alisema anakwenda kunyoosha miguu. Miguu gani hiyo isiyonyooka? Jioni alirudi na kadi ndogo yenye picha, na alipoona fundi anamtazama akaisokomeza kifuani. Na asubuhi hii, walipokuwa wakipanga magauni, fundi alihesabu akakuta thelathini na tano.

"Moja liko wapi?"

"Wifi, umehesabu vibaya. Usingizi huo."

Fundi angeweza kukosea kusoma, lakini kuhesabu magauni hakukosea.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Jana mnunuzi mmoja, bwana mrefu mwembamba ambaye wifi alimbandika jina la Mlingoti, alisimama mbele yao karibu nusu saa. Alilivuta gauni huku na huku, akaligeuza ndani nje, akachora kitu kwenye daftari lake. Aliahidi kurudi leo saa tisa mchana kuweka sahihi ya magauni mia nne. Mia nne! Wanawake wanne kule nyumbani walikuwa wameshakataa kazi nyingine kwa ajili ya maonyesho haya. Sasa Mlingoti akipita kwenye zulia jeupe kabla ya saa tisa na kuuona ule mfuko, itakuwaje? Banda kubwa lenye taa na banda dogo la mlango wa mizigo, mtu atasema nani kamwibia nani?

Saa nane mchana wifi alisimama, akachukua mkoba wake mkubwa. "Nakwenda kunyoosha miguu."

"Nenda," fundi akasema. Alihesabu mpaka thelathini, akamwomba jirani wa banda la soksi kwa ishara za mikono amwangalizie meza, kisha akamfuata.

Wifi hakunyoosha kitu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye zulia jeupe. Fundi alijibanza nyuma ya rundo la magari ya kusukumia watoto, akachungulia. Pale bandani palikuwa na mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwenye mnyororo shingoni. Wifi akamsalimia kama mtu anayefahamiana naye. Wakazungumza. Wifi akacheka kile kicheko chake cha mapokezi, cha kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Halafu, mama wa miwani alipogeuka kuchukua kitu, wifi akafungua mkoba. Fundi akaliona gauni la thelathini na sita likitoka nusu. Wifi alilitazama, akalitazama la kwenye sanamu, akalisokomeza tena haraka.

Fundi alitangulia kurudi bandani. Wifi alipofika alimkuta kaketi juu ya meza, mkono umenyooshwa.

"Lete gauni langu."

"Gauni gani tena?"

"Lililomo ndani ya mkoba. Umewauzia, au umewagawia?"

Wifi aliweka mkoba chini polepole. Kwa mara ya kwanza tangu fundi amjue, Redio ilikata.

"Ulinifuata?"

"Nilinyoosha miguu."

"Wifi, shusha sauti, watu wanatutazama."

"Watazame! Hawanielewi, na mimi siwaelewi. Ndiyo maana umenifanya kipofu. Ulipiga picha karatasi zangu kitandani kwangu, ukaniambia fomu. Fomu iko wapi? Kaka yako anajua?"

"Mimi nikuuze wewe?" Wifi alijipiga kifua. "Mimi niliyekubebea mimba yako ya kwanza?"

"Mimba niliibeba mwenyewe."

"Nilikubebea ndoo! Usinikate maneno!" Akavuta pumzi. "Haya, tuseme yote. Fomu imo humu kwenye simu, picha za karatasi zilikwenda huko huko. Gauni lile nililiona jana asubuhi, kabla hata hujafungua mabegi. Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema, wifi yangu kaiba."

Fundi akashuka mezani. "Mimi?"

"Wewe. Sasa ningesema nini? Wale kampuni kubwa, sisi wawili na henga zetu. Nikasema huyu kaona picha mahali, kaiga, na mimi nimesimama hapa siku nzima nawaambia watu ni ubunifu wake. Nikaenda kumchunguza yule mama taratibu, nijue gauni lao ni la lini. Gauni nililibeba nikalinganishe, kwa sababu wewe ukikunja nguo macho yako hayaondoki. Na sikukwambia, maana nilidhani unajua."

"Kwa hiyo siku mbili umekaa hapa unaniona mwizi."

"Na wewe umeniona nani? Malaika?"

Walitazamana. Jirani wa soksi alijifanya anapanga soksi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Wifi akaingiza mkono kifuani, akatoa ile kadi, aliyopewa na mama wa miwani, imekunjika na ina jasho. Upande mmoja palikuwa na picha ya zamani ya msichana mdogo kasimama mlangoni, amevaa gauni lile lile, mfuko wa kushoto chini. Kwa chini kulikuwa na mwaka. Fundi aliusoma mara mbili kwa kidole. Ulikuwa umetangulia kuzaliwa kwake kwa miaka sita.

Kwa hiyo hakuna aliyemwibia. Lakini hilo halikumtuliza fundi. Maana kama wao hawakuutoa mfuko ule kwake, basi yeye aliutoa wapi?

"Mpigie mama," akasema.

Mama yake alipokea baada ya simu kuita sana, na kama kawaida alianza kwa kuuliza kama wamekula. Fundi akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, gauni letu la mikunjo. Karatasi yake ya kwanza uliipata wapi?"

"Karatasi? Karatasi nilikata mwenyewe, kwenye gazeti."

"Ukikatia nini?"

"Si lile gauni lako la mtumba? Ulikuwa na miaka mitatu, hutaki kulivua hata kuoga. Lilipochakaa nikalifumua kwa wembe, uzi kwa uzi, nikatandaza kila kipande kwenye gazeti, nikazungushia kalamu. Wewe unafikiri mimi nilisomea wapi? Shule yangu ilikuwa mtumba."

Fundi akafumba macho. "Na mfuko wa kushoto?"

"Ulikuwa chini kidogo. Nikasema labda ndiyo fasheni ya huko kwao, nikauacha. Na ule mshono wa mgongoni, ule unaokatiza upande, nao ulikuwepo, nikaufuata vile vile. Ulinitesa ule! Kwani kuna nini? Wamewafukuza?"

"Bado, mama."

Alikata simu, akachukua gauni moja kwenye henga, akaondoka. Wifi akamfuata nyuma, viatu vikipiga kelele. Fundi alipanda juu ya zulia jeupe na viatu vyake, yeye ambaye siku mbili alikuwa akipita pembeni ya mazulia ya watu, akaizunguka ile sanamu, akalipandisha gauni la pale ili auone mgongo wake.

Mgongo ulikuwa mtupu. Kitambaa kimoja kimeteremka moja kwa moja, hakina mshono wowote.

Mkono wenye pete nyingi ukamshika kifundo cha mkono. Mama wa miwani alikuwa amevaa miwani yake sasa, na hakuwa anacheka. Akasema kitu kifupi.

"Anasema hapa hairuhusiwi kuiga," wifi akatafsiri kwa sauti ndogo. "Anasema kama ni mnunuzi uoneshe kitambulisho."

"Mwambie namrudishia."

"Unamrudishia nini?"

"Mfuko wake. Twende, sasa hivi ni saa ngapi?"

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kabla ya saa tisa. Wakiwa wanarudi, fundi alikuwa akipapasa mgongo wa gauni lake kwa vidole, kama anavyopapasa kitambaa kipya dukani. Ule mshono ulianza chini ya kwapa ukashuka kwa mshazari mpaka kiunoni. Miaka yote aliushona bila kujiuliza. Sasa aliuelewa. Mtumba ule ulikuwa umechanika. Huko ulikotoka, mtoto fulani alinasa kwenye msumari au kwenye ua, na mtu akauziba kwa kipande alichokuwa nacho, akakata upande ili kitambaa kitoshe. Mama yake alikuta kiraka, akadhani ni mtindo.

"Wifi, nisikilize," Redio ikaanza tena. "Mlingoti akija tusiseme kitu. Atatia sahihi, ataondoka zake. Sisi huku, wao kule, nani atamwambia?"

"Na akipita pale mwenyewe kesho?"

"Kesho atakuwa ameshatia sahihi."

"Tutashona magauni mia nne tukitazama mlango nani anaingia?"

"Wanawake wanne wanatusubiri, wifi. Usiwasahau kwa ajili ya mfuko."

Fundi hakuwa amewasahau. Aliwaona mmoja mmoja, na yule mwenye mapacha alimwona zaidi. Lakini alijua pia kwamba wakati wote wa kazi ile angekuwa vile vile alivyokuwa tangu asubuhi, akihesabu nani kanyoosha miguu wapi. Nusu siku tu ilikuwa imemtosha.

Mlingoti alifika saa tisa kamili, daftari mkononi. Wifi akavaa kicheko chake cha mapokezi. Fundi akamshika mkono.

"Mwambie mfuko huu si wetu. Mwambie na gauni lilipotoka. Mtumba, wembe, gazeti, yote."

"Wifi, jamani."

"Mwambie."

Wifi akamgeukia Mlingoti, akaanza kusema. Fundi alimtazama mdomo. Sentensi ilikuwa fupi mno. Halafu ikawa ndefu mno. Mlingoti aliitikia kwa kichwa, akatabasamu. Mtu gani anatabasamu akiambiwa ananunua kazi ya mtumba?

"Hujamwambia."

"Nimemwambia!"

"Anacheka nini? Muoneshe. Nyoosha kidole, muoneshe ni banda gani."

Wifi akasonya, akanyoosha kidole mbele ya watu wote, kupita soksi, kupita magari ya watoto, mpaka kwenye zulia jeupe. Mlingoti akageuka akatazama huko. Tabasamu likatoka. Akachukua gauni mezani bila kuomba, akaenda nalo.

Wakabaki wamesimama. Kwa mbali walimwona akimpa mama wa miwani. Walimwona yule mama akilitazama mbele, akigusa mfuko, akisema maneno mengi kwa mkono wenye pete. Kisha akaligeuza nyuma. Akaligeuza ndani nje. Akapitisha kidole kwenye mshono wa mshazari, chini, juu, chini tena, akaingiza ngumi ndani ya gauni na kulivuta mgongoni aone linavyoachia.

Wakaja wote wawili. Mama wa miwani ndiye aliyesema kwanza.

"Anasema mfuko ni alama yao," wifi akatafsiri. "Mshonaji wao wa kwanza alikosea, wakaupenda. Utoke kwenye magauni yetu yote, leo, kabla ya kufunga. La sivyo anakwenda kwa wenye maonyesho."

"Sawa. Na nini kingine? Kasema zaidi ya hapo."

"Anauliza huo mshono wa nyuma nani aliubuni."

Fundi alifikiri. "Mwambie simjui. Ni mtu alikuwa anaziba nguo ya mwanawe."

Mama wa miwani alisikiliza tafsiri, akavua miwani, akamtazama fundi kwa macho matupu kwa muda. Hakutabasamu. Akaweka gauni mezani, akaondoka.

Mlingoti alibaki. Alifungua daftari lake ukurasa wa jana, akamsogezea fundi, si wifi. Palikuwa na gauni limechorwa kwa kalamu, mbele na nyuma. Mbele, mifuko ilikuwa imechorwa sawasawa, na pembeni mshale. Nyuma, mshono wa mshazari ulikuwa umezungushiwa duara mara tatu.

"Anasema mfuko alidhani mmekosea tu," wifi akasema, na sasa alikuwa akisema polepole. "Alitaka kuomba mrekebishe, akaona haya. Alichotaka ni mgongo. Mtoto akiinama haumbani."

"Kwa hiyo anatia sahihi?"

Wifi akauliza. Jibu likachukua muda.

"Mia mbili kwanza. Zile nyingine mia mbili baadaye. Na atamtuma mtu aje mpaka chumbani kwetu, aone mnavyokata, na aone mnakatia kutoka wapi."

"Kwa nini?"

"Kwa nini, unauliza? Hakuamini."

Fundi akamtazama yule bwana mrefu, aliyekuwa akijaza karatasi yake kwa makini, na kicheko kikamtoka, kifupi, cha puani.

"Mwambie karibu. Na mimi simwamini, mwambie kabla sijaweka sahihi utanisomea kila mstari. Kisha nitamwita jirani wa soksi anisomee tena."

"Jirani wa soksi hajui lugha yetu!"

"Atanioneshea kwa vidole."

"Wifi, wewe ni adhabu," Redio ikasema. Alivuta kiti, akateremsha gauni la kwanza kutoka kwenye henga, akanyoosha mkono kuomba wembe. "Yote thelathini na sita?"

"Yote. Na hilo la kwenye mkoba."

"Hilo ndilo la thelathini na sita."

"Hesabu basi, nikusikie."

Wifi akahesabu kwa sauti, kutoka mwanzo.